Majina matatu ya Mkongomani: namna maneno na alama zilivyogeuza maisha ya watu

Mkongomani yeyote anayejaza karatasi ya serikali, iwe ya masomo, ya banki, ya pasipoti au ya kadi ya uchaguzi, anakuta nafasi tatu za jina. Ya kwanza ni «nom», ya pili «postnom», ya tatu «prénom». Wakaaji wa Goma, Bukavu, Beni, Uvira na Lubumbashi wanazijaza bila kufikiri. Lakini mtu huyo akifika Ulaya na karatasi zake, karani anauliza: hili la katikati ni la nini? Ufaransa haina postnom. Ubelgiji, ambako sheria nyingi za Kongo zilitoka, haina pia.

Jina hilo la katikati lina tarehe yake ya kuzaliwa. Lilitokea mwanzoni mwa mwaka wa 1972, pale Joseph-Désiré Mobutu alipowakataza wananchi wake majina ya ubatizo. Nchi yenyewe ilikuwa imeitwa Zaire kwa miezi michache tu. Rais akatangulia kwa mfano: akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Tafsiri za jina hilo ziko nyingi, na kila mwenye kulitafsiri anaonekana aliongeza utukufu kidogo. Kwa mtu wa kawaida mambo yalikuwa magumu zaidi. Aliyeondoa «Jean» au «Marie» alibaki na jina moja, na katika kijiji kimoja watu kumi wanaweza kuwa na jina hilo hilo. Basi wakachukua la pili: la babu, la shangazi, la baba mzazi. Hilo ndilo likawa postnom.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya makaratasi. Lakini anayefuata njia ya majina, bendera, mavazi na pesa katika nchi hii, tangu ukoloni hadi leo, anaona kwamba watu wamefanya makubwa kwa ajili ya maneno: wamegombana na serikali, wamekimbilia ugenini, wamekataa mishahara yao, wameua jirani. Kenneth Burke, mwanafikra wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1993, alimweleza mwanadamu kuwa mnyama anayetumia alama, na anayezitumia vibaya vilevile. Alionyesha kwamba porini hakuna kitu kinachoitwa «hapana». Mto unapita au umekauka, basi. Katazo linaishi ndani ya neno, na ni binadamu peke yake anayeweza kulala na hatia kwa sababu alivuka neno. Zaire ya miaka ya 70 ingempa mifano ya kujaza kitabu.

Bula Matari, na neno «tu»

Mobutu hakuwa wa kwanza kutawala kwa majina, na wenye nchi nao walijua kutoa majina. Henry Morton Stanley, alipokuwa akipasua njia katika mawe ya Kongo ya chini, alipewa na watu wa huko jina la Bula Matari, yaani mvunja mawe. Jina halikubaki kwake. Likahamia kwa serikali ya kikoloni yenyewe, kisha kwa kila wakala wake. Mtu wa kijiji aliyekimbia msituni akisema Bula Matari anakuja hakumfikiria Stanley, aliyekuwa amekwisha kurudi Uingereza. Alifikiria kodi, mpira wa porini na kiboko. Neno moja lilitosha kuonyesha kwamba watu wote hao wenye kofia na karatasi walikuwa mtu mmoja.

Huku mashariki na kusini, Kiswahili nacho kiliingizwa kazini. Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilikusanya katika migodi ya Katanga wafanyakazi wa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi na ya mgodi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu Kiswahili na utawala wa kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji, alichunguza vitabu vidogo ambavyo wazungu walijifunzia lugha hiyo. Vilipenda sana maneno ya amri: leta, beba, kuja, nenda, fanya mbio. Mtu aliyejifunza lugha kwa njia hiyo alikuwa na maneno ya kutosha kumtuma mtu, na hakuwa na maneno ya kumuuliza watoto wake wanaendeleaje.

Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin, Patrice Lumumba alitaja maumivu ya ukoloni mmoja baada ya mwingine: kazi za nguvu, mapigo, ardhi iliyonyang'anywa. Katikati ya orodha hiyo aliweka kitu ambacho kwa mtu wa mbali kinaonekana kidogo sana. Alikumbusha kwamba mtu mweusi aliambiwa «tu», wala si kwa urafiki, bali kwa sababu «vous» yenye heshima iliwekwa kando kwa ajili ya wazungu.

Anayesema Kiswahili anaweza kushangaa, maana «wewe» yetu haina dharau ndani yake. Heshima inapitia katika baba, mama, mzee, au katika kumsemesha mtu mmoja kwa wingi. Lakini karani wa posta wa Stanleyville, na Lumumba alikuwa mmoja wao, alisikia «tu» hiyo kila siku ya kazi yake, kutoka kwa vijana wadogo kuliko yeye. Kiboko kilipiga siku fulani. «Tu» ilipiga asubuhi na jioni. Ndiyo maana siku ya uhuru neno hilo dogo lilipata nafasi pamoja na mijeledi na magereza, na waliokuwa wakisikiliza redio walielewa mara moja.

Zaire mara tatu

Mwaka wa 1966 miji ilianza kubadili ngozi. Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Elisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka uliofuata franka iliachia nafasi yake zaire. Halafu tarehe 27 Oktoba 1971 nchi na mto vikapewa jina hilo hilo. Nchi, mto, pesa: watu waliita hizo Z tatu. Bendera mpya ya kijani ilibeba mkono ulioshika mwenge. Wimbo wa taifa ulibadilishwa pia, ingawa watungaji wake, padri Simon-Pierre Boka na Joseph Lutumba, walikuwa wale wale walioutunga ule wa 1960.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa authenticité hawakupenda kukumbushwa. Neno Zaire ni matamshi ya mabaharia Wareno, walioshindwa kutamka «nzadi», neno la Kikongo linalomaanisha mto. Jina la Kongo lenyewe lilikuwa la ufalme wa Kiafrika uliokuwako kabla hawajafika. Basi ili kurudia asili, nchi ilitupa jina la mababu na kuvaa kosa la matamshi la mzungu. Hilo halikuzuia chochote. Baada ya miaka michache vijana waliimba Zaire kwa moyo, na wengine waliozaliwa wakati ule bado wanasema mpaka leo kwamba wao ni Wazairwa. Jina halikuhitaji kuwa sahihi ili lipendwe. Lilihitaji kurudiwa masomoni, uwanjani na redioni.

Mfano wa Katanga unaonyesha vizuri zaidi serikali ilikuwa ikitafuta nini. Jimbo hilo lilijitenga tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, na kujitenga kwake kulivunjwa Januari 1963. Bendera yake ya wakati huo ilikuwa na misalaba mitatu ya rangi ya shaba, ikikumbusha misalaba ya shaba ambayo zamani ilitumika kama pesa katika sehemu hiyo. Mobutu hakutaka neno Katanga libaki midomoni mwa watu. Jimbo likaitwa Shaba: neno la Kiswahili, safi, linaloeleweka na kila mtu, lisilo na Tshombe ndani yake. Anayesema «mimi ni mtu wa Shaba» anajitambulisha kwa mali iliyo ardhini, na mali hiyo ni ya taifa. Anayesema «mimi ni Mkatanga» anataja nchi iliyowahi kuwa na rais wake.

Je, ilifaulu? Vita viwili vya 1977 na 1978, vilivyoletwa na askari wa zamani wa Katanga kutoka Angola, vimebaki katika vitabu kwa jina la vita vya Shaba. Hapo rais alishinda hata katika historia ya maadui zake. Lakini Mei 1997 Mobutu alipoanguka, Katanga ilirudi mara moja, kana kwamba ilikuwa imeketi nyuma ya mlango. Na tarehe 23 Machi 2013, wapiganaji waliobeba bendera ya zamani ya Katanga waliingia Lubumbashi. Jina la kundi lao lilikuwa amri ya Kiswahili isiyohitaji tafsiri: Kata Katanga. Miaka miwili baadaye serikali ya Kinshasa ndiyo iliyoikata, lakini kwa namna nyingine, ikagawa jimbo hilo katika majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Moja tu kati ya manne lilibaki na jina.

Shingo bila kravati

Kwa wale waliokuwa wakubwa wakati ule, kumbukumbu ya kwanza ya authenticité ni nguo. Kravati ilikatazwa. Mahali pa kostimu pakaja abakosti, koti lililofungwa mpaka shingoni. Jina lenyewe lilitoka katika maneno ya Kifaransa ya kulaani kostimu. Wanawake walikatazwa suruali, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Kikwembe kikawa vazi la mwanamke wa Zaire, na vikwembe vya chama cha MPR vilibeba picha ya rais, hata akaonekana kifuani na mgongoni mwa umati wa wanawake siku ya mapokezi. «Monsieur» na «madame» vilitupwa. Kila mtu akawa «citoyen» au «citoyenne». Jioni, kabla ya habari za televisheni, uso wa rais ulitokea ukishuka kutoka mawinguni.

Asubuhi kazini watu waliimba na kucheza kwanza kwa sifa za chama. Hapo kuna swali la kweli kuhusu moyo wa binadamu. Mtu anayecheza kila asubuhi kwa lazima, je, anaamini? Wengi walicheza kwa mshahara. Lakini mwili unajifunza wimbo haraka kuliko akili inavyojifunza kuukataa, na leo hii watu wazima waliomchukia Mobutu bado wanaweza kuimba nyimbo hizo bila kukosa neno, tena wakicheka, tena wakicheza mabega.

Kanisa ndilo lililogongana naye kwa nguvu. Kardinali Joseph Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipinga kampeni hiyo. Alitolewa katika nyumba yake na akaenda Roma kwa miezi kadhaa ya mwaka wa 1972. Padri aliyethubutu kubatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishiwa kifungo. Mwaka wa 1974 Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko. Wengine walieleza ugomvi huo kama Ulaya dhidi ya Afrika, na hapo walimsoma Malula vibaya. Malula ndiye aliyekuwa akisukuma ngoma na dansi viingie katika misa, na mabuku ya misa ya Zaire yalikubaliwa na Roma mwaka wa 1988, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Alitaka Afrika ndani ya kanisa. Hakutaka serikali ishike kalamu wakati mama anapochagua jina la mtoto.

Na hapo kuna utani mmoja wa historia. Yosefu, Maria, Yakobo na Daudi si majina ya Ufaransa. Ni ya Wayahudi, watu wa jangwa na mbuzi, wenye desturi zinazokaribiana zaidi na za mchungaji wa Masisi kuliko za bwana wa Bruxelles. Serikali iliyakataza kwa sababu ya meli iliyoyaleta.

Majina yanayohesabu watoto

Amri ya 1972 haikukuta sehemu zote za nchi zikiwa sawa. Kwa Wanande wa Beni na Lubero haikuwa na mengi ya kufundisha. Huko jina linaeleza nafasi ya mtoto katika tumbo la mama: Paluku au Mumbere ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Masika ni msichana wa kwanza. Kahindo anakuja pale watoto wanapobadilika, msichana akifuata wavulana. Mapacha wa Kasai wana majina yao yanayowangoja kabla hawajazaliwa, Mbuyi na Kabanga. Wa Kongo ya chini wana yao, Nsimba na Nzuzi.

Mfumo kama huo unampa mtu kitu ambacho jina la ukoo la Ulaya halimpi. Mumbere anajua tangu utoto kwamba yeye ni mkubwa, kwamba wadogo watamtazama, kwamba baba akifa mambo mengi yatamwangukia. Hakuna aliyemwekea kikao na kumweleza. Ameitwa hivyo mara elfu, na kila mwito ulikuwa na kazi ndani yake. Anayemjua Kambale na bado hajamwona kaka yake anauliza tu yuko wapi.

Mfumo huo huo unaleta shida mpakani. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanakuwa na majina tofauti kabisa, na ofisi za wakimbizi za Ulaya au Amerika zinazotafuta jina la familia hazioni familia. Watu wa Butembo waliokwenda ng'ambo wanalijua tatizo hilo vizuri: kueleza kwamba Paluku, Kambale na Masika walinyonya ziwa moja.

Bashi, Barega, Bafulero na wengine wa Kivu wana hazina zao, na juu ya hizo Kiswahili kiliongeza yake: Bahati, Furaha, Riziki, Amani, Neema, Zawadi. Wakati wa amri majina haya yalikuwa na faida ya ajabu. Yalikuwa ya Kiafrika kwa serikali, na kwa padri hayakuwa na ubaya, maana neema na amani zimejaa katika Biblia. Haishangazi kwamba yalienea. Tangu vita vya miaka ya 90, jina la Amani limebeba uzito mwingine: wapo walioitwa hivyo siku ambazo amani haikuwako kabisa.

Baada ya 1990

Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Alilia mbele ya watu. Siku hiyo hiyo alifungua pia shingo za wananchi: anayetaka kravati avae, anayetaka kuitwa «monsieur» aitwe. Kwake mwenyewe alisema hataionekana na kravati. Vijana wa La Sape hawakuwa wamengoja ruhusa. Tangu miaka ya 70, Papa Wemba na wafuasi wake walijivika kostimu za bei kubwa za Paris na Italia, na kila koti lilikuwa jibu kwa abakosti bila mtu kutoa hotuba. Papa Wemba alifariki jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, siku na mwezi ule ule.

Majina ya ubatizo yalirudi. Postnom haikuondoka. Ndivyo Mkongomani alivyobaki na matatu: moja la ukoo, moja la amri, moja la padri. Kodi ya familia ya 1987 bado inataka majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa nchi, na inakataza jina la matusi, la kudhalilisha au la uchokozi. Anayetaka kubadili jina lake leo, hata kusahihisha herufi, lazima apeleke ombi kwa tribunal de paix na aonyeshe sababu ya haki. Mwaka wa 1972 nchi nzima ilibadilishwa majina bila hakimu hata mmoja kuulizwa.

Timu ya taifa inaonyesha jinsi alama fulani zinavyokataa kufa. Leopards walibeba kombe la Afrika mwaka wa 1968 na 1974. Laurent-Désiré Kabila alipoingia, leopadi alinuka Mobutu, kofia yake na kila kitu chake. Timu ikaitwa Simba. Mwaka wa 2006 Leopards wakarudi, na mwaka huo huo Katiba mpya ikaweka kichwa cha leopadi katika nembo ya taifa, kati ya pembe ya ndovu na mkuki. Watu walikuwa wameamua kwamba mnyama huyo alikuwa wao kabla hajawa wa Mobutu.

Karatasi iliyokataliwa

Mwaka wa 1967 zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Iligawanywa katika makuta 100. Mwishoni mwa 1992 benki ilitoa noti ya zaire milioni tano. Étienne Tshisekedi, aliyekuwa waziri mkuu na mpinzani wa rais, alisema noti hiyo haina uhalali. Wafanyabiashara wakaikataa. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti hizo, wakaenda sokoni, wakaambiwa hapana. Kilichofuata ni uporaji na vifo katika Kinshasa. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa kwa risasi katika siku hizo.

Tazama kilichotokea hapo. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule. Mtu mmoja amesema hiyo ni pesa, mwingine amesema si pesa, na askari mwenye bunduki amesimama mbele ya mama muuza mihogo na mkono uliojaa kitu kisichojulikana ni nini. Pesa ni neno linaloaminika. Likigawanyika, tumbo linajua siku hiyo hiyo.

Oktoba 1993 serikali ilileta zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Majimbo mawili ya Kasai yaliikataa na kuendelea kutumia noti kuukuu, zilizochakaa, ambazo mahali pengine hazikununua kitu. Na huko Kasai bei zilipanda polepole kuliko kwingine, kwa sababu noti hizo hazikuwa zikichapwa tena. Mwaka wa 1998 franka ilirudi. Zaire ilikufa, lakini nenda katika soko la Lubumbashi ukasikilize: mtu anayelia kwamba hana pesa bado anasema hana makuta.

Mtu anapoitwa mdudu

Vita vya pili vilianza tarehe 2 Agosti 1998. Katika wiki zilizofuata, Kinshasa ilitafuta adui ndani ya mitaa, na Watutsi, pamoja na watu waliodhaniwa kuwa hivyo kwa sura, waliwindwa. Wengine walichomwa kwa tairi wakiwa hai. Abdoulaye Yerodia Ndombasi, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya rais Kabila, alishtakiwa nchini Ubelgiji kwa hotuba za mwezi huo, ambamo maadui walilinganishwa na wadudu waharibifu wa kuangamizwa. Tarehe 11 Aprili 2000 hakimu wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata. Yerodia alikuwa amekwisha kuwa waziri wa mambo ya nje. Kongo ikapeleka Ubelgiji mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya La Haye, na tarehe 14 Februari 2002 mahakama hiyo ilisema waziri wa mambo ya nje aliye kazini ana kinga, kwa hiyo hati ifutwe. Haikuamua kama maneno yale yalikuwa kosa.

Ng'ambo ya ziwa jambo hilo lilikuwa limekwisha kuonekana. Katika Rwanda, «inyenzi», yaani mende, lilikuwa tangu miaka ya 60 neno kwa wapiganaji waliovuka mpaka usiku. Mwaka wa 1994 redio RTLM ililipanua hadi likamfunika mtoto mchanga. Mahakama ya Arusha, tarehe 3 Desemba 2003, iliwahukumu watu watatu wa redio na gazeti, na mmoja wao, Hassan Ngeze, alikuwa mwandishi, mwenye gazeti lake la Kangura.

Kinachofanyika ndani ya neno kama hilo ni kazi ya hesabu. Kumuua jirani ni dhambi, na muuaji anaijua dhambi hiyo kwa jina. Kuua mende ni usafi wa nyumba. Mtu hakubadilishwa moyo. Amebadilishiwa jina la kitendo, na moyo ukafuata. Ndiyo maana wanaochochea hawaanzi na silaha. Wanaanza na jina jipya la watu fulani, la mnyama, la ugonjwa, la mgeni, na wanalirudia mpaka linasemwa kwa utani mezani. Siku hizi linapita katika sauti za WhatsApp, zisizo na mwandishi wala anwani, na linafika kijijini kabla ya gazeti lolote.

Katika Ituri ya 1999 hadi 2003, wakati Wahema na Walendu walipouana, wasafiri waliosimamishwa njiani waliulizwa jina kwanza. Jina ambalo babu alilitoa kwa furaha likawa ushahidi. Barabara nyingi za mashariki zimeona vizuizi vya namna hiyo tangu wakati huo, na makundi yenye silaha yanayoviweka yamebadilika, lakini swali limebaki lile lile: unaitwa nani, na sema kidogo tusikie lugha yako.

Nchi haikukosa sheria. Amri ya rais namba 66-342, inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, ilitiwa sahihi tarehe 7 Juni 1966, kabla ya Zaire, kabla ya abakosti na kabla ya postnom. Inahusu maneno, ishara na maandishi yanayochochea chuki kwa sababu ya rangi au kabila. Agosti 1998 ilikuwa na umri wa miaka 32.